Chai ya Mwamuzi

Mara ya kwanza Genowefa aliusikia msemo ule jikoni,
redioni, akimenya viazi,
baridi ya mwaka tisini, mjini Łódź, Polandi:
*Soko lenyewe lajua, bei haina mwamuzi.*
Akaiuliza redio, "Linajua nini?"
Redio ikapiga piano.

Mara ya pili alikuwa waziri, tai ya buluu.
Ya tatu, kinyozi Mirka wa mtaa wa Wschodnia,
mkasi ukitafuna nywele mbichi.
Ya nne, padri, katikati ya mahubiri ya mavuno.
Ya tano, shemeji yake Bogumił,
aliyepanga suruali za jinzi juu ya kitanda cha kukunja
kando ya barabara, theluji ikizidondokea,
na kila mteja alipopita bila kununua
aliutamka taratibu
kama mtu anayejipapasa mfukoni kuona kama funguo zipo.

Baada ya hapo hakuhesabu.
Nani huhesabu matone ya bomba bovu?
Usiku wa kwanza unayasikia, wa pili unayalaani,
wa kumi yakikoma ndipo unagutuka.

Sisi tunaotunga tunaijua siri hii.
Mpe mtu kibwagizo, nane kwa nane, vina vimetulia,
kirudie beti saba:
hatauliza nani alikitunga.
Atakupokea kabla hujamaliza.
Ulimi ukishazoea njia
huiita njia hiyo ukweli.

Naye Genowefa alijua, ila kwa vidole.
Miaka ishirini na saba kwenye mashine ya kufumia,
mshindio ukipita kati ya mtande, ukirudi, ukipita,
uzi ambao ungeukata kwa meno
ukawa shuka, ukawa sanda, ukawa bendera.
Hakuna uzi ulio shuka peke yake.
Shuka ni kule kurudi.

Siku mkate ulipopanda bei mara ya tatu kwa wiki,
jirani yake Bronisława alisimama mlangoni, pochi wazi,
na Genowefa akasikia sauti ikimjibu, kwa upole, karibu kwa huruma:
"Soko lenyewe lajua..."
Sauti ilikuwa yake.
Akaziba mdomo kwa kiganja
kama aliyecheua mezani.

Kiwandani palikuwa na mkaguzi, mama Leokadia.
Hakuwahi kupoteza muda na uso wa kitambaa.
"Huo umejipamba kwa ajili ya wageni," alisema,
akakipindua chini ya taa,
akatafuta mafundo.

Usiku ule Genowefa akaupindua msemo.
Bei haina mwamuzi.
Akakumbuka Machi, siku mashine zilipouzwa.
Yeye ndiye aliyepeleka chai ofisini kwa meneja.
Bwana mmoja, koti refu, penseli nyekundu.
Mashine mia mbili na kumi kwenye karatasi moja.
Akakata tarakimu, akaandika nyingine, ndogo zaidi,
akapuliza vumbi la penseli.
Kisha akaomba limau.

Vipande viwili. Anakumbuka vipande viwili.

Asubuhi, kwenye foleni ya maziwa, alisema,
wala si kwa kelele: "Mwamuzi yupo. Nilimpelekea chai."
Watu wakatazama viatu vyao.
Mmoja alicheka puani. Foleni ikasogea hatua.
Nyuma, kijana mwenye kofia ya sufu,
bila ubaya wowote, kama anayeitikia salamu, akaanza:
"Soko lenyewe lajua, bei haina..."

"Limau," akasema Genowefa. "Vipande viwili."

Akasema tena alipofika kaunta.
Na kesho yake, tena.